Faili Kubwa Kuliko Zote

Jumatatu, 6 Mei

Naapa kuandika humu kila kitu, hata yatakayoniaibisha, ingawa sitarajii yawe mengi.

Habari kubwa! Swichi imefika shuleni. Ni mpya kwetu, ingawa ilishatumika kwingine. Si swichi ya taa. Ni kisanduku cha bati chenye matundu ya waya safu mbili, na kazi yake ni kuziunganisha kompyuta zote za darasa letu ili zizungumze. Nilimweleza Bibi haya wakati wa chakula. Akauliza kompyuta zina nini cha kuambiana. Nikasema jibu lipo. Nitalitafuta.

Mwalimu wa kompyuta ametangaza kwamba fundi wa mitandao atampokea mwanafunzi mmoja kwenye karakana yake likizo nzima. Mmoja tu! Ni yule atakayeitayarisha swichi vizuri kabla ya Siku ya Wazazi, Ijumaa. Nikanyoosha mkono. Waziri naye akanyoosha, tena akasimama kabisa.

Waziri ni msichana wa darasa letu. Tunamwita hivyo kwa sababu hawezi kuazima kalamu bila kutoa hotuba. Mwalimu amempa zamu ya kwanza. Nimelipokea kwa utulivu. Nimekula sahani mbili.

Jumanne, 7 Mei

Waziri aliunganisha ule waya wa bluu unaotoka kwenye swichi hadi kompyuta ya mwalimu, akaanza kuandika amri. Akaipa swichi jina. Akaiwekea nenosiri. Akafungua matundu yote. Darasa likapiga makofi. Mimi pia nilipiga, taratibu.

Kisha umeme ukakatika! Uliporudi, swichi haikumjua mtu. Jina hakuna, nenosiri hakuna. Mwalimu akaeleza kwamba mipangilio isipohifadhiwa, swichi huibeba kichwani tu, na ikizimwa inasahau. Waziri akasema kosa ni la umeme. Mwalimu akasema umeme haukuomba nafasi ya kwenda karakana. Kesho ni zamu yangu.

Sikucheka. Nilingoja mpaka nifike nyumbani. Bibi akauliza nina nini. Nikamwambia nina furaha ya kielimu.

Jumatano, 8 Mei

Zamu yangu. Nilinawa mikono kwanza.

Nikaipa swichi jina la Malkia. Nilipofika kwenye nenosiri, herufi nilizobonyeza hazikutokea. Nikamwita Mwalimu nikamweleza kwamba kibodi imekufa. Akasema haijakufa, nenosiri huandikwa bila kuonekana ili jirani asilisome. Waziri, ambaye ndiye alikuwa jirani, akageukia dirisha.

Kuna pia mahali pa kuweka tangazo linalomsalimu kila anayeingia. Nikaandika: Umeingia mahali panapotunzwa. Vua viatu. Mwalimu akauliza viatu vinahusika vipi. Nikasema ni heshima tu. Akafikiri kidogo, akaacha.

Nikahifadhi. Nikahifadhi tena. Nikahifadhi kwa sauti, ili wengine wajifunze. Waziri akasema, “Utaichosha, dada.” Nikahifadhi mara nyingine. Kila kompyuta inazungumza na mwenzake. Nimeshinda, nadhani. Lakini Ijumaa bado iko mbali na Waziri ana ulimi.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango! Fundi atakapokuja kesho aikute swichi safi nje na ndani. Waziri hawezi kuwaza hivyo, dawati lake lina maganda ya penseli ya tangu mwaka jana.

Wakati wa mapumziko nilibaki nayo peke yangu. Nje niliipangusa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kisha nikaingia ndani kwa nenosiri langu na kuandika amri ya kuorodhesha faili. Nilishtuka! Faili ndogondogo chache, na katikati yake dubwana moja limekula karibu nafasi yote. Tarehe yake ni ya zamani, nilikuwa bado sijaanza shule. Mipangilio yangu, iliyo muhimu kuliko vyote, imebanwa pembeni kama mgeni asiyepewa kiti.

Mama ana sheria moja kwetu: kitu kisichoguswa mwaka mzima kinatoka nje. Nikaifuta. Swichi iliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nilikuwa na uhakika mara zote mbili.

Hakuna kilichotokea. Taa za kijani zinameta, kompyuta zinaongea kama kawaida. Huo ni ushahidi kamili kwamba faili ile ilikuwa ikila bure.

Waziri akaingia, akauliza ninafanya nini. Nikasema usafi. Akasema, “Usafi gani huo, kwani hiyo sufuria?” Nikatoka bila kugeuka. Nikarudi kuchukua kitambaa. Nikatoka tena bila kugeuka.

Ijumaa, 10 Mei

Wazazi walijaa darasani. Mama alikaa mstari wa mbele, akawa anawaambia majirani zake, “Yule wangu, yule wa soksi ndefu.” Fundi naye alikuja. Ni mama mtu mzima, anavaa bisibisi shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu. Alikagua waya, akaingia kwenye swichi, akasoma tangazo langu. Akatazama viatu vyake. Kisha akasema kazi ni nzuri.

Kazi ni nzuri! Aliyasema haya mbele ya Mkuu wa Shule.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini nyuma nilimsikia Waziri akimweleza baba wa mtu kwamba msingi wa kazi hii aliuweka yeye. Nikasimama. Nikawafafanulia wageni kwamba kuna mipangilio ya watu fulani inayopotea umeme ukikatika, na kuna ya kwangu. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Nikachomoa waya wa umeme, nikauinua juu wote wauone, nikauchomeka tena.

Taa ya njano.

Tukangoja. Taa ya njano. Mkuu wa Shule akakohoa. Kwenye skrini swichi iliandika kwamba haioni cha kuianzisha. Fundi akainama, akasoma, akaniuliza kwa upole ile faili kubwa iko wapi. Nikasema nimeifuta, Mama Fundi, ilikuwa ya zamani.

Darasa zima lilisikia maelezo yake. Faili ile ndiyo inayoifanya swichi kuwa swichi. Jana iliendelea kufanya kazi kwa sababu tayari ilikuwa macho, kila kitu kiko kichwani. Ikilala, haina tena kinachojua kuiamsha. Mipangilio yangu ipo salama kabisa, akasema, ila hakuna wa kuisoma.

Nimefurahi kusikia ipo salama.

Mama aliacha kuwaonyesha watu soksi zangu. Waziri hakucheka. Alinishika bega akasema, “Pole, mwaya.” Hilo sitalisahau haraka.

Jumamosi, 11 Mei

Fundi amerudi na nakala ya faili. Kuipitisha kwenye ule waya wa bluu ni kama kujaza pipa kwa kijiko. Tulikaa asubuhi hadi jioni, mimi, yeye, Mwalimu na Waziri aliyekuja bila kuitwa. Nilimpikia Fundi chai mara tatu. Nilimuuliza kama amewahi kukutana na tukio kama langu. Akasema walioifuta ni wengi. Walioalika wazazi waje kutazama, hajaona.

Jioni taa zikarudi kijani! Malkia akaamka na tangazo lake. Mwalimu akauliza basi nani aende karakana.

Fundi akamuuliza Waziri kama siku hizi anahifadhi. Waziri akajibu kwamba anahifadhi, na angependa kueleza kwa nini. Fundi akasema haina haja, huyo ameshaelewa. Kisha akanitazama muda mrefu.

“Nipeni huyu,” akasema. “Afadhali awe mahali ninapomwona.”

Mimi! Waziri alitoa hotuba ya kupinga, fupi kwa kipimo chake. Nilifika nyumbani mbio. Bibi akauliza nimechaguliwa kwa lipi. Nikasema usafi.

Jumatatu, 13 Mei

Sifa zinaenea. Leo karani wa ofisi ameniita. Kompyuta yake inajikokota, na amesikia mimi ni mtu wa fundi. Akaniachia kiti chake. Nikaorodhesha faili, maana sasa nina uzoefu. Nimemwandikia Fundi ujumbe huu kwa simu ya karani:

Shikamoo, Mama Fundi. Ni mimi wa swichi. Katika kompyuta ya ofisi nimekuta faili moja kubwa kuliko zote. Ni ya zamani sana, na karani anaapa hajawahi kuigusa. Sitaki kukosea, nakumbuka ulitaka niwe mahali unaponiona. Kwa hiyo naomba unijibu sasa hivi, kabla karani hajamaliza chai: niifute, au nikusubiri uje unione nikiifuta?