Tangi la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mambo yameharibika. Simu kutoka Bungoma: mama mkwe haji.

Daktari wa Parklands, hapa Nairobi, alishampa nafasi, Alhamisi ya wiki ijayo, jicho la kulia. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi haoni ila mwanga na vivuli, na akikosa nafasi hii atangoja hadi mwisho wa mwaka. Lakini amesema haji. Atalala wapi? Hapa kwetu Dagoretti Corner ni kwa mkwe. Kwa Ivyne, mdogo wa mke wangu, ni kwa mkwe vilevile. Na kwetu Wabukusu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe, wala haingii choo anachoingia mkwe. Nyumba ya wageni hataki hata kuisikia. Afadhali apofuke, alisema, kuliko azikwe na aibu.

Selpher, mke wangu, alilia huku akikatakata sukuma wiki. Siwezi kumtazama akilia. Nilimwambia aniachie mimi. Akasema hakuna maneno yanayomtia hofu katika nyumba hii kama hayo.

Lakini nina wazo. Wazo la ajabu!

Jumanne, 4 Machi

Nilikwenda Loresho. Mimi ni fundi wa friji, na mteja wangu wa miaka mingi ni Mzee Kibe, mstaafu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na karavani, kile kijumba cha magurudumu ambacho watu hukikokota nyuma ya gari wakienda kujistarehesha. Alikinunua ampeleke mkewe Naivasha. Walikwenda mara moja. Mkewe alinisihi nikiondoe kabla hajakitia moto.

Kina kitanda. Kina jiko na dirisha lenye pazia. Na kina choo chake! Unakanyaga kidude kwa mguu, kila kitu kinashuka kwenye tangi chini ya sakafu. Hakina msingi, kwa hiyo si nyumba yangu. Choo hakijakaliwa na mkwe yeyote. Nani mwingine angefikiria hili? Hakuna.

Mzee alinipa kitabu cha maelekezo. Nilikipokea kwa mikono miwili. Fundi hasomi vitabu. Alisema pia kwamba tangi lilimwagwa miaka tisa iliyopita, kabla ya kuegeshwa. Nilimwamini.

Kiragu, jirani yangu wa karakana, alikikokota kwa pikapu yake hadi kwetu. Kimekaa nyuma ya ploti, karibu na shimo la majitaka. Mama Waithera, mwenye ploti, alikubali nimwage tangi humo, mradi nimtengenezee friji kwanza. Nimemwambia kesho.

Jumatano, 5 Machi

Tangi halikumwagwa.

Niligundua nilipovuta mkono wa valvu, ile inayofungua tangi, nione kama bado unafanya kazi. Unafanya. Mpira wa kupeleka uchafu shimoni sikuwa nimeufunga. Safari nzima ya Naivasha ya Mzee Kibe ilitua kwenye gambuti zangu.

Mwololo naye akachagua dakika hiyohiyo kufika. Huyu ni mwanyumba wangu, kaoa Ivyne. Anafanya kazi katika ofisi ya bima mjini, ana gari, ana viatu vinavyometa. Alisimama mbali, akafunika pua kwa tai, akaniuliza kama huo ndio mpango wenyewe. Nilimwambia ndiyo, na unaendelea vizuri. Akasema Mama akikataa, yeye atamtafutia chumba kizuri Parklands. Chumba! Mama amekwisha kusema hataki chumba. Huyu mtu hasikilizi.

Mama Waithera hakuzunguka. “Nashon, hiyo kitu ikinuka tena, unahama nayo. Wewe, bibi yako, na hiyo kitu.”

Mama mkwe anafika Jumamosi. Selpher amemshawishi kwa simu. Kamwambia kuna mahali pake peke yake, safi kama hospitali. Sasa ni lazima pawe safi kama hospitali.

Alhamisi, 6 Machi

Niliona kwenye simu mtu akisafisha tangi kwa barafu. Unajaza vipande vya barafu, unatia sabuni, unaliendesha gari barabarani, barafu inasugua kuta kwa ndani. Na nani ana barafu nyingi Dagoretti nzima kuliko fundi wa friji? Niliona mkono wa Mungu.

Ndoo kumi na moja za barafu. Sabuni ya unga, pakiti mbili. Kiragu akakikokota kwenye Ngong Road, nami kando yake nikisikiliza barafu ikicheza nyuma. Sauti tamu! Tulitoka Dagoretti Corner tukielekea Karen. Tulifika mita mia nne. Msongamano. Jua kali. Tulikaa hapo saa moja na nusu, na sauti ikazidi kupungua, hadi nikawa nasikia maji tu.

Jioni nilifanya alivyonishauri Selpher tangu asubuhi: kujaza maji, kutikisa, kumwaga, kujaza tena. Mara tisa. Mara ya tisa maji yalitoka meupe. Nimeandika hapa kwamba barafu ilisaidia.

Jumamosi, 8 Machi

Amefika.

Nilisimama nyuma ya lango nikautazama ukuta, kama inavyopasa. Alijifunika leso hadi machoni. Alinisalimu kupitia kwa Selpher, nami nikaitikia kupitia kwa Selpher. Miaka kumi na miwili ya ndoa na hatujawahi kusogeleana zaidi ya hapo.

Lakini nilichungulia. Sikupaswa. Nilimwona akipapasa ngazi kwa ncha ya mguu, kama anayeuliza kama ipo. Mwanamke aliyelima ekari mbili peke yake!

Aliuliza paa ni la nani. Selpher akamwambia si la mtu, lina magurudumu. Akapapasa gurudumu. Akauliza choo. Ni chako peke yako, Mama, akajibu Selpher. Mama akapanda ngazi, akaingia. Nilitamani kupiga kelele, lakini mkwe hapigi kelele.

Jumapili, 9 Machi

Nimerahisisha mambo. Kwa nini nivute valvu kila siku? Nimefunga mpira hadi kwenye shimo, nikaiacha valvu wazi. Kinachoingia kinatoka chenyewe. Na kwa kuwa maji ya mfereji huja Jumatano tu, nimemwomba Selpher amwambie Mama atumie kikombe kimoja kila mara. Hakuna kazi, hakuna hasara ya maji. Nashangaa waliotengeneza karavani hawakuliona hili.

Jumanne, 11 Machi

Choo kimejaa.

Haiwezekani! Kiko wazi chini! Nilimpigia Mzee Kibe simu. Alicheka hadi mkewe akamnyang’anya simu kumwuliza kuna nini. Valvu, alisema Mzee aliporudishiwa simu, hukaa imefungwa mpaka tangi likaribie kujaa. Wingi wa maji ndio unaosukuma mengine. Ukiiacha wazi maji yanakimbia peke yake, na wenzake wanabaki nyuma wakijengana. “Umejenga mlima, Nashon.”

Hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba Mama amefunga mkoba wake. Amemwambia Selpher kwamba choo kukataa ni ishara, na kesho asubuhi anarudi Bungoma. Upasuaji ni keshokutwa! Selpher hakunilaumu. Aliketi tu kwenye ngazi ya karavani, mikono mapajani. Ningependa zaidi angenilaumu.

Nilimwita fundi bomba. Alifunua kifuniko, akafunika, akaenda. Kiragu alisema urafiki una mwisho. “Buda, mimi nilikupa pikapu. Pua sikupi.” Selpher alijitolea, lakini angekosa kazi: anashona sare za shule katika duka moja mjini, na tajiri wake hana huruma, amempa ruhusa ya Alhamisi na Ijumaa tu.

Nabaki mimi. Nami siwezi. Mkwe kushika uchafu wa mama mkwe! Kwetu hata kulitamka ni aibu. Akijua, hatakanyaga Nairobi tena maishani.

Akijua.

Jumatano, 12 Machi

Selpher alimwambia Mama asubiri kidogo, anakuja fundi wa karavani kutoka Loresho. Saa mbili asubuhi fundi akaja. Koti la mvua la Kiragu. Barakoa. Gambuti. Sauti niliishusha tumboni na kuipa lafudhi ya Kiragu. Nilisema naitwa Ephantus.

Mama alikuwa nje kwenye kigoda, mkoba miguuni. Nilitarajia aondoke kwa ajili ya harufu. Hakuondoka. Nilifunga valvu, nikaanza kumimina maji chooni. Maji ya mfereji yalikuwa yamefika, namshukuru Mungu. Ndoo baada ya ndoo, na sabuni. Kisha nikachukua fimbo ndefu. Mengine siyaandiki.

Akaanza kuzungumza. Aliniita mwanangu. Alisema choo si kitu, hata ishara aliitunga tu. Anaogopa kisu. Bado ana mwanga kidogo, anaweza kujua kumekucha. Je, wakiuchukua na huo? Watoto wake hajawaambia, kwa sababu wanamjua kuwa mama asiyeogopa.

Nilisahau lafudhi kidogo. Nilimwambia mama yangu alifanyiwa upasuaji huohuo na leo anatunga uzi kwenye sindano. Uongo. Mama yangu alikufa kabla hatujapata nauli ya kumpeleka kwa daktari yeyote. Lakini nilimsemea kama ningemsemea yeye, na sauti ikanitetemeka bila kuiomba.

Kisha akauliza kama namfahamu mwenye nyumba hii, huyo Nashon. Ni mtu wa namna gani?

Nafasi gani hii! Nilisema ni fundi hodari, mpole, mwenye akili nyingi, anaheshimiwa hadi Karen. Nikaendelea kwa muda. Mama akasema bintiye humwambia kwamba huanzisha mambo mengi na kumaliza machache. Nilisema watu wana wivu. Akasema huenda. Lakini miaka kumi na miwili, alisema, Selpher hajawahi kurudi nyumbani kwake akilia. Mabinti wa majirani wamerudi. Wake hajarudi. Kila jioni humwombea huyo kijana ambaye hajawahi kumwona uso.

Nilikuwa na sababu ya kuinama juu ya choo, nikainama muda mrefu. Barakoa ililowa.

Tuliyaacha maji yalainishe hadi saa kumi. Nikavuta valvu. Mungu wangu, mngurumo! Mlima wote ulishuka kwa mkupuo mmoja. Mama alipiga makofi. Akasema hiyo sauti ni ya kitu kilichofanya uamuzi, akainuka, akarudisha mkoba ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Mwololo ndiye aliyempeleka, kwa gari lake. Mama na Selpher nyuma, na pazia la leso kati yao na dereva. Bila shaka sasa yeye ndiye mkwe mwema. Mimi nilitangulia Parklands peke yangu, nikasimama kwenye kona ya ukumbi mahali asiponiona. Kisha nikakumbuka kwamba haoni. Nilibaki palepale.

Mwololo alikuja kusimama nami. Sikumwita. Alimwaga chai kwenye viatu vyake, wala hakutambua. Nilimpa leso yangu. Haina maana kwamba tumepatana.

Daktari alisema imekwenda vizuri.

Ijumaa, 14 Machi

Bendeji imetolewa. Anaona!

Aliuona mkono wake kwanza, Selpher aliniambia. Aliugeuzageuza. Akasema mkono umezeeka bila kumwarifu. Halafu akamtazama Selpher, akaanza kumtaja: nyusi, kovu la paji la uso, jino lililopanda. Wakalia wote wawili na muuguzi.

Waliporudi nilikuwa langoni. Niligeukia ukuta haraka. Nikamsikia akimwambia Selpher, kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, anisihi nisimame tu hivyo nilivyo, nigeuze uso kidogo tu, amtazame mkwe wake mara moja. Akasema Mungu atafumba jicho la desturi, na yeye atafungua lake.

Niligeuka. Nikatazama chini. Alinitazama sijui muda gani. Kisha akasema kumbe ni mwembamba hivi, Selpher anampikia nini?

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Mama anarudi kwao kesho. Jicho la kushoto ni mwezi wa sita. Nimeiacha valvu wazi, maana ni siku moja tu iliyobaki, na maji ni shida. Friji ya Mama Waithera nitaiangalia kesho.

Leo amechinja kuku mwenyewe na kumpika kwenye jiko la karavani. Harufu ilizunguka ploti nzima. Selpher akaniletea mezani. Mapaja, kidari, mchuzi. Na pembeni, kwenye kibakuli chake peke yake kilichofunikwa, firigisi. Kwetu firigisi haipewi mtu hivihivi. Mama mkwe akipika kuku, firigisi ni ya mkwe, na hakuna mwingine duniani anayeruhusiwa kuigusa.

Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono Selpher aliponizuia. Akasema hii si yangu. Mama amesema ni ya yule fundi wa Loresho. Apelekewe Ephantus, ale yeye mwenyewe, asimgawie mtu, na aambiwe kwamba Mama anamshukuru.

Nilishangaa! Mama wa watu, desturi zote zile, na hili amelisahau. Firigisi kwa fundi wa choo! Nimemsamehe, ni uchovu wa upasuaji. Nikamweleza Selpher polepole kwamba kwa kuwa Ephantus hayupo, itabidi niile mimi kwa niaba yake. Selpher alicheka hadi akaketi sakafuni. Kutoka kwenye karavani nikasikia Mama naye akicheka, sijui kwa nini.

Niliila yote. Tamu ajabu. Mwezi wa sita nitamleta Ephantus tena, kwa lafudhi bora zaidi. Mama hajashuku kitu.