Ombi la Kulifuta Jina la Nani

Kavindu wa Muasya,
Nyumba nambari 14, ploti ya nyuma ya mahakama,
Makadara, Nairobi.
Tarehe 16 Juni, 1995.

Kwa Mwalimu Mkuu Bi Zaitun,
Shule ya nasari, hapa hapa Makadara.

Mwalimu Zaitun, mwanangu,

YAH: MIMI NA FOMU YA BIJAL

Nakusalimu kwa heshima, wewe na walimu wako, pamoja na Okumu askari wa geti, ambaye Jumanne alinikalisha juu ya jiwe kama mwizi wa kuku, kisha akaniletea maji. Kwa maji namshukuru. Kwa jiwe tutaongea.

Mimi sikusoma. Barua hii inapigwa na Irungu, yule anayekaa na taipu yake nje ya mahakama, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinitilie Kiswahili cha hakimu. Kwa hivyo mahali utakapoona ukali, ni wangu. Mahali utakapoona koma, ni yake.

Jambo lenyewe ni hili. Mlango unaotazamana na wangu wanakaa Wahindi: Kirit, mkewe Hansa, na binti yao Bijal wa miaka minne, mwanafunzi wako. Walitoka India miaka miwili iliyopita, Kirit akaajiriwa kutengeneza mashine kwenye kiwanda cha blanketi. Wiki tatu zilizopita Hansa alijifungua mtoto wa kiume, na kwao mzazi hatoki nje mpaka zitimie siku arobaini. Basi likizo ya Kirit ilipokwisha wiki hii, kazi ya kumchukua Bijal saa sita mchana imekuwa yangu. Tangu Jumanne mmekataa kunipa mtoto. Kila siku Kirit anaiacha mashine ikiwa wazi matumbo, anakimbia mpaka kwenu. Jana msimamizi wake amemwambia akitoka tena saa za kazi, apitilize moja kwa moja nyumbani. Na nyumbani kwa Kirit, mwalimu, si Makadara, ni India. Kibali chake cha kukaa Kenya kimeshikwa na hiyo kazi. Kazi ikienda, wote wanne wanapanda ndege.

Ndiyo maana nimekuja kwa Irungu na malalamiko yafuatayo.

1. Fomu. Pale palipoandikwa "Anayeruhusiwa kumchukua mtoto", Kirit alijaza: Nani. Kwa lugha yao Nani ni nyanya, yule aliyemzaa mama. Ndivyo Bijal anavyoniita. Fomu ikarudi nyumbani, na Mwalimu Ndindi ameandika chini yake kwa kalamu nyekundu, "Ndiyo tunakuuliza wewe." Kirit ni mtu wa adabu. Alidhani mwandiko wake haukusomeka, akaandika tena kwa herufi kubwa: NANI. Fomu ikarudi mara ya pili, safari hii Mwalimu Ndindi ameongeza alama tatu za kuuliza. Kirit akadhani ndivyo jina hilo linavyoandikwa Kenya, naye akaziweka.

2. Geti. Jumanne nilifika mapema, nimejifunga leso mpya, maana sitaki mtoto aaibike. Mwalimu Ndindi akamshika Bijal mkono akamwuliza, "Bijal, huyu ni nani?"

"Ndiyo," mtoto akasema.

"Ndiyo nini? Nakuuliza, huyu ni nani?"

"Ndiyo, ni Nani!"

Mtoto anacheka, anaruka, amefurahi kuona mwalimu wake ananifahamu. Mwalimu akauliza mara ya tatu kwa sauti kubwa. Mtoto akajibu kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu ndivyo mnavyowafundisha hapo, kuitikia kwa nguvu. Ndipo nikaambiwa mtoto hanijui, nikae kando. Mwalimu Zaitun, mtoto amenitaja mara tatu mbele ya mashahidi. Hata bibi harusi kanisani haulizwi mara tatu.

3. Yale mliyoyaandika kwenye kitabu. Nikiwa hapo kwenye jiwe nilimsikia Mwalimu Ndindi akiendelea kumhoji mtoto kwa upole, na nakubali alikuwa na upole.

"Mama yako yuko wapi?"

"Ameenda Mombasa na lori."

"Ai! Na mtoto mchanga je?"

"Hajaenda."

"Nyumbani umebaki na mtu gani basi?"

"Dada."

"Dada yako ni mkubwa?"

"Mkubwa sana. Ana ndevu."

Yote yakaandikwa. Sasa kitabu cha shule kinasema kwamba Hansa amemwacha mtoto wa wiki tatu akapanda lori kwenda Pwani, na kwamba nyumba inalindwa na msichana mwenye ndevu. Nasahihisha hivi. Kwa Wahindi hawa, mama ni mjomba, ndugu wa kiume wa aliyekuzaa. Huyo ni Muoki, mwanangu, dereva wa lori, na kweli Jumanne alikuwa Mombasa. Dada kwao ni babu, au mzee yeyote wa kuheshimiwa. Huyo ni Muasya, mume wangu, mchonga vinyago, miaka sabini, na ndevu ni zake kihalali. Aliyemzaa Bijal anaitwa Mamii, naye hajaenda popote. Amelala kitandani kwangu anakunywa uji.

4. Nyumba yangu imepinduliwa. Tangu nimzae Muoki watu wote wameniita Mama Muoki, na jina hilo nililifanyia kazi siku mbili na usiku mmoja. Sasa Bijal anasimama uani anaita, "Mama Muoki! Mama Muoki!" na anayeitika ni Muoki. Madereva wenzake walisikia. Kwenye gereji wanamsalimia, "Niaje Mama Muoki, watoto hawajambo?" Mwanzoni alikuwa akikunja ngumi. Siku hizi anajibu, "Hawajambo, wananyonya tu." Muasya naye, mzee wa kanisa, akiwa na patasi mkononi, anaitwa Dada na anaitika "Naam." Hebu hesabu mwenyewe, mwalimu. Mume wangu amekuwa msichana, mwanangu amekuwa mama, na mimi niliyewapikia wote nimekuwa swali.

5. Usiseme sikujaribu. Kabla mtoto wa pili hajazaliwa nilimfundisha Bijal neno letu la Kikamba, susu, maana yake nyanya. Akalishika siku hiyo hiyo. Akasimama mlangoni pangu akaita, "Susu! Susu!" Hansa akatoka mbio na tumbo lake la miezi minane, akamnyanyua, akampeleka chooni. Wakarudi. Mtoto kuniona tu, "Susu!" Chooni tena. Mara ya nne majirani waliokuwa kwenye foleni ya choo wakaanza kuulizana kama kipindupindu kimeingia ploti. Kumbe kwa lugha yao susu ni mkojo wa mtoto. Kati ya kuwa mkojo na kuwa swali, nilichagua swali. Lakini nilichagua kwa kukosa, sikuchagua kwa kupenda.

6. Supu. Kila Jumapili Muasya alikuwa akileta kichwa cha mbuzi kutoka Kiamaiko, tunakichemsha. Hawa jirani zangu hawali nyama ya aina yoyote, hata kuku, hata mchuzi uliopita karibu na kuku. Siku moja Bijal akaingia jikoni, akafunua sufuria, wakatazamana na mbuzi. Akauliza, "Huyu nani?" Nikamwambia Nani ni mimi, huyo ni mbuzi. Alilia mpaka Muasya akaifunika sufuria kwa koti lake la kanisani. Tangu siku hiyo mzee mzima anakunywa supu yake huko huko Kiamaiko, kwa kusimama, na akirudi anasugua meno kwanza ndipo ambebe mtoto. Hili si kosa la shule yenu. Nimeona tu liandikwe mahali.

7. Kitanda. Hili sikutaka kulisema lakini Irungu anasema malalamiko lazima yaonyeshe chanzo. Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi asubuhi, nilikuwa napepeta mchele. Hansa akaingia kwangu bila kubisha hodi, mkono mmoja ameshika kiuno, mkono mwingine anaburuta godoro. Nikamwuliza, wewe, unahama? Akaniambia kwa Kiswahili chake, ambacho nimemfundisha mimi kwa hivyo usikicheke, "Kwetu msichana nazaa kwa mama yake. Mama yangu iko mbali. Nimekuja."

Basi. Hakuomba. Alikuja kama mtu anayekuja kwao. Akalala pale. Nilimwuliza, kwa hivyo mimi ni nani? Akasema ndiyo. Mtoto alizaliwa kabla ya saa nane mchana, mkunga wa kliniki amekuta kazi nusu imekwisha. Sasa wiki tatu Muasya analala kwenye kiti, mimi nalala chini, na asubuhi nikiamka goti halikunjuki. Bijal analala mgongoni kwangu na anapiga mateke. Usinielewe vibaya, mwalimu, sijasema atolewe. Nimesema anapiga mateke.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye ombi.

Mwalimu Ndindi ameniambia kwamba mtu asiye na undugu na mtoto hawezi kupewa mtoto, na kwamba Mkamba hawezi kuwa nyanya wa Mhindi. Ninakubaliana naye kabisa. Sina undugu na Bijal. Sikuwazaa hao, sikuwaalika, India siijui hata kwenye ramani. Lakini nimekaa nyuma ya mahakama hii miaka thelathini na moja, na kesi za watoto nimezisikia zote. Aliyemficha mtoto ni shangazi. Aliyemtorosha ni mjomba. Aliyekataa kumrudisha ni nyanya yake mzaa baba. Sijasikia hata siku moja jirani akishtakiwa kwa kuiba mtoto, kwa sababu jirani ana wake na wamemchosha. Irungu, anayesikia kesi zote kupitia dirishani, anasema ni kweli. Kwa hivyo ukitaka usalama wa watoto, mwalimu, nyanya wote wazuiwe getini, watoto wapewe majirani.

Kwa sababu hiyo naomba hivi. Jina la Nani lifutwe kwenye fomu, na alama zake tatu. Mahali pake paandikwe: Kavindu wa Muasya, jirani, hana undugu wowote. Hiyo ndiyo dhamana yangu. Pia naomba walimu wako waache kulitumia neno hilo kuulizia watu mpaka Bijal amalize nasari. Waseme "mtu gani". Wizara ikiuliza, waambie nimepima pande zote mbili. Wahindi ni wengi kuliko sisi, na kila mmoja ana nyanya. Ni rahisi sisi tubadilishe swali kuliko wao wabadilishe nyanya.

Na Jumatatu saa sita mnipe mtoto. Hilo ndilo kubwa, hayo mengine hata yakichelewa sawa. Mkikataa, Kirit atatoka tena kazini, na mimi nitabaki na mlango mtupu unaonitazama. Nimeshawahi kuwa na mlango mtupu mbele yangu. Uliniudhi sana.

Msalimie mume wako na watoto wako. Msalimie Mwalimu Ndindi, mwambie sina kinyongo, alikuwa akimlinda mtoto, na anayemlinda Bijal hawezi kuwa adui yangu hata akinikalisha juu ya jiwe. Msalimie mpishi wa uji na umwambie apunguze sukari. Muasya anawasalimu, Muoki anawasalimu, Hansa anawasalimu akiwa kitandani kwangu, na mtoto mchanga angewasalimu lakini amelala, Mungu asifiwe.

Nafungia hapa kwa heshima na kwa goti bovu,

(alama ya kidole gumba)
Kavindu wa Muasya
Jirani

N.B. Mwalimu, barua ilikuwa imekunjwa, imelambwa gundi, nikaenda nyumbani kula. Nimekuta Hansa anasoma barua ya kutoka kwao, analia na kucheka pamoja. Mama yake aliyemzaa amepata tiketi. Anakuja mwezi wa nane kumwona mjukuu.

Nilifurahi. Nikaenda kusugua sufuria ambayo haikuwa chafu. Ni haki yake huyo mama, na nitampisha kitandani, na nitampikia dengu kwa mikono yangu. Lakini nilipokuwa nasugua nikaiona fomu yenu kichwani, na hapo nilipowaambia mfute pamebaki peupe, na mtu aliyeshuka kwenye ndege anapajaza.

Nimerudi kwa Irungu mbio, goti na yote. Anauliza aichane barua aanze upya. Nimemkataza, nimetoka jasho kuisema. Andikeni tu kwamba hayo ya kufuta nimeyaondoa. Liacheni lile jina lilivyo, na zile alama tatu ziacheni, Kirit amezoea. Na mgeni akifika kwenye geti lenu akasema kwamba yeye ndiye Nani, mkaribisheni, mpeni kiti kizuri, kisha mwambieni pole pole kwamba Nani tayari yupo, huwa anakuja saa sita.