Paka Wasioge Mpaka Harusi Iishe

Jumapili, 2 Juni

Daftari, niwie radhi. Mara ya mwisho kukuandikia, Aimi alikuwa na meno mawili. Leo anayo yote, na jana aliyajaribu kwenye kidole changu. Kila siku nilisema nitaandika kesho. Kesho ikaja na nguo za kufua, kisha homa, kisha mume wangu Rafizan akahamia Bintulu kupakua makontena bandarini. Nikabaki na mtoto mmoja, paka wawili na mavyaa mmoja. Huyo wa mwisho peke yake ndiye asiyepanda mapazia.

Leo naandika kwa sababu nina shida na sina wa kumwambia.

Santan, yule mweupe kama tui la nazi, ametoka upara nyuma ya sikio. Upara wa duara. Na Aimi ana duara lake mkononi, sawasawa na sarafu ndogo. Choa! Nimemvalisha mikono mirefu siku tatu katika joto hili. Leo mavyaa akaikunja ili amnawishe. Akaona. Hakupiga kelele, na hilo ndilo baya zaidi. Alisema baka hili moja analisamehe. Likitokea la pili kwa mtoto, paka wote wawili wanakwenda soko la samaki, wakaishi na wenzao.

Aimi bila Santan halali. Mimi bila Belacan, yule wa rangi ya uduvi uliosagwa, sicheki. Asubuhi wamecheza mpira kwa kitunguu saumu, wakakifunga ndani ya kiatu cha mavyaa. Goli safi.

Halafu jioni akaja Mak Jamnah, jirani ambaye kijiji kizima kinamwita mama. Binti yake Fazlina anaolewa Jumamosi. Anapita nyumba kwa nyumba kuonya: asioge paka yeyote kijijini mpaka wageni waondoke. Kila mtu anajua, paka akiloweshwa mvua inakuja. Alisema mwaka juzi kuna mtu aliogesha paka siku ya maulidi, hema likapaa mpaka mtoni. Alikuwa anasema na kijiji kizima lakini macho yalikuwa kwangu.

Nikamwambia paka wangu hata kunywa maji huwa wanafikiri kwanza.

Jumatatu, 3 Juni

Nimewapeleka mjini ndani ya kikapu nilichokifunga kwa saruni. Basi zima lilisikia Belacan anavyonilaani.

Daktari Ling akazima taa, akawamulikia taa ya buluu. Nywele za Santan zikang'aa kijani! Aimi akapiga makofi. Daktari hakupiga. Amesema wachovywe wote wawili kwenye dawa ya salfa, mara mbili kwa wiki, kwa wiki nne, bila kuruka hata mara moja. Nisiwasuuze. Wasijilambe mpaka wakauke. Nivae glavu, nivue vito. Aimi apakwe mafuta ya zahanati asubuhi na jioni, na matandiko yote yafuliwe.

Nikauliza kama tunaweza kungoja mpaka Jumapili. Akaniuliza kama choa nacho kimekubali kungoja.

Njiani nikawaza. Mak Jamnah amekataza kuogesha. Daktari amesema kuchovya. Kuogesha kuna sabuni. Mimi situmii sabuni. Basi hapo sijavunja neno la mtu! Nilifika nyumbani na roho nyeupe.

Loo, harufu! Mayai viza. Mayai viza yaliyokaa juani, yakafukiwa, yakafukuliwa. Santan akatoka wa manjano, rangi ya wafalme, na uso wa mfalme aliyepinduliwa. Belacan hakulia. Aliuma bomba. Nikawashika kwenye taulo mpaka wakakauka, nikawaimbia ule wimbo wa kumlaza Aimi. Aimi akalala. Paka hapana.

Vito nilisahau. Bangili nne za fedha za mama yangu, nyeusi kama sufuria.

Saa kumi jioni pakanyunyiza. Kidogo tu! Manyunyu yasiyoweza kulainisha hata biskuti. Ila Mak Jamnah alikuwa ameanika mito ya jukwaa la maharusi. Ya mahameli.

Mavyaa akaingia, akanusa, akauliza nani amekufa. Nikasema ni mtaro. Akachukua fimbo akaenda kuuchokoa.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya kusaidiana kwa Mak Jamnah. Wanawake wa kijiji kizima, vitunguu gunia zima. Nilimenya mpaka nikalia, na nililia kwa raha, maana kulia huku umekaa ni mapumziko.

Mak Jamnah ametunga pilipili na vitunguu kwenye vijiti, akavisimika pembe zote za uwanja kuzuia mvua. Akatangaza kwamba humu kijijini kuna mtu ana paka mbichi. Kila mmoja akamwangalia jirani yake. Mimi nikakiangalia kitunguu changu.

Akaniuliza bangili zangu zimekuwaje. Nikasema ndiyo mtindo mpya, Rafizan ameziona Bintulu. Wasichana wawili wakaniuliza zinauzwa wapi.

Jioni nimepima baka la Aimi kwa sarafu. Halijakua. Nilipokuwa nafua saruni ya mavyaa, nikakuta sarafu nyingine ya ukubwa huohuo imefungwa kwenye pindo. Kumbe naye anapima.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya kuchovya. Na Mak Jamnah kahamia barazani kwake tangu asubuhi, anashona riboni, macho kwenye dirisha la bafu langu!

Nikamwambia anaitwa msikitini. Akasema anayemtaka anajua nyumba yake.

Nikafungua bomba polepole. Akainua kichwa. Akapaza sauti, "Suhaila! Unaoga saa hizi?"

Nikasema naam, Mak, joto.

Ikabidi nioge kweli. Nusu saa baadaye nikajaribu tena. "Tena?" Nikaoga tena. Mara ya tatu akauliza kama nina mimba. Paka wamekaa juu ya ndoo, wakavu, wananitazama ninavyotakata.

Ijumaa, 7 Juni

Leo niandike kwa mpango.

Adhuhuri wanaume wote msikitini, wanawake wote uwanjani kwenye vyungu. Nikaona ndiyo saa yangu. Belacan nikamchovya, nikamkausha, nikamfungia chumbani. Safi kabisa! Nikamchovya Santan. Nikageuka kuchukua taulo. Nilipogeuka tena, nikaona mkia tu unatokea dirishani. Komeo la dirisha lile ni bovu tangu tuhamie.

Sasa. Ndani kwa Mak Jamnah, sebuleni, kulikuwa na mayai ya harusi. Mayai mia sita ya kuchemsha, kila moja kwenye kikombe chake na ua la karatasi, moja kwa kila mgeni. Yalipangwa juu ya meza yenye kitambaa mpaka chini. Chini yake penye giza, baridi, pa kujificha.

Nilipofika, mlango umejaa wanawake na pua zao wamezishika. Mak Jamnah amesimama katikati, kashika yai kila mkono, analinusa hili, analinusa lile. "Yameoza! Yote! Mia sita!" Fazlina kakaa sakafuni na hina mikononi, analia, hawezi hata kujifuta. Mmoja anasema mwuza mayai aitwe. Mwingine anasema yatupwe mtoni upesi kabla wakwe hawajasikia. Vikapu vya kuyabebea vikaanza kuletwa.

Ningeweza kunyamaza. Naandika ukweli, nilirudi nyuma hatua moja. Nikaiona ncha ya mkia wa manjano chini ya kitambaa. Nikaangusha shanga zangu, nikajidai naziokota, nikaingia chini, nikamkumbatia Santan, nikamfunika kwa ushungi. Nikatoka na tumbo kubwa. Na harufu ikatoka na mimi. Nikienda kulia, pua zinageuka kulia.

Mavyaa alikuwa mlangoni. Akaninusa. Akaona ushungi unapumua. Nikajua leo ndiyo leo, soko la samaki.

Mavyaa akapaza sauti mbele ya wanawake wote: "Acheni mayai ya watu! Ni mkwe wangu huyu. Tumbo limemchafuka tangu asubuhi. Mnisamehe."

Vikalipuka vicheko mpaka vyungu vikasahauliwa. Mak Jamnah akapasua yai moja, likawa zuri. Akapasua la pili, zuri. Akanipigapiga mgongoni kwa huruma akasema ndiyo maana jana nilishinda bafuni, masikini.

Nyumbani nililia. Mavyaa akasema aibu ya mtu mmoja ni nyepesi kuliko mayai mia sita mtoni. Nikauliza kwa nini hakumtaja paka. Akasema aliahidi baka la pili, na la pili hajaliona. Akichukua paka kabla ya hapo, yeye ndiye atakuwa mwongo. Halafu akachukua taulo akamkausha Santan mwenyewe, kwa nguvu, kama anavyomkausha Aimi.

Jumamosi, 8 Juni

Jua asubuhi. Jua saa tano. Maharusi wamependeza, nyama ya ng'ombe imeiva mpaka inaachia mfupa yenyewe, pilipili za Mak Jamnah zimesimama kama askari. Wanawake wanne wameniletea tangawizi ya tumbo. Nikanywa yote.

Saa nane kamili, radi.

Mvua gani ile! Hema lilijaa tumbo kisha likajitapika. Wageni wakakimbilia nyumba ya karibu, nayo ni yetu. Waliingia kama sitini, Mak Jamnah wa mwisho, kajifunika sinia kichwani. Paka nilikuwa nimewafungia chumbani. Funguo nilikuwa nazo mimi. Nilivyodhani.

Aimi akafungua mlango kwa heshima zote. Anapenda wageni. "Njooni muone! Paka wetu wa manjano! Jana ameoga!"

Mak Jamnah akageuka taratibu, maji yanamchuruzika puani. Akauliza, jana?

"Na Jumatatu," akasema Aimi.

Mtoto nimemlea aseme kweli. Nalaumu nani?

Nikasema, kuchovya, Mak. Si kuogesha. Hapakuwa na sabuni.

Akanitazama. Akanusa. Akamtazama mavyaa. "Kumbe tumbo lake lilikuwa zima!"

Wa kwanza kucheka alikuwa Fazlina, bibi harusi mwenyewe, mpaka wanja ukashuka mashavuni. Mjomba wa bwana harusi akasema mvua ni rehema, wacha inyeshe, kuna chai? Mak Jamnah akaapa hatasema nami mpaka kiama. Kisha akaniuliza kama nina taulo kavu.

Nilikuwa nayo moja tu, ya Santan. Nilimpa. Sikuwa na la kufanya.

Jumatatu, 10 Juni

Asubuhi mavyaa amefungua pindo la saruni mbele yangu, akaweka sarafu juu ya mkono wa Aimi. Sarafu imelifunika baka, na nafasi imebaki. La pili hakuna. Tumemvua nguo mtoto tukamkagua mpaka katikati ya vidole, yeye anacheka tu. Mavyaa akairudisha sarafu akasema basi, wakae. Belacan akamrukia mgongoni papo hapo, akasema wakae lakini chini.

Adhuhuri, hodi mlango wa nyuma. Mak Jamnah, kikapu mkononi, hakusalimu. Alisema hajaja kuzungumza. Ndani ya kikapu yumo Manja, paka wake, na duara la upara juu ya pua. Nikajua Ijumaa haikuwa mara ya kwanza Santan kujificha kwa Mak Jamnah. Akauliza ile dawa yangu ya mayai, imebaki?

Nilimwambia kwanza Daktari Ling amwangalie Manja, nitampeleka mimi mwenyewe. Tukaenda, taa ya buluu, kijani tupu. Jioni tumewachovya wote watatu. Mavyaa alishika taulo. Mak Jamnah alishika pua. Mvua haikunyesha.

Alipoondoka akainua kidole. Jumamosi kuna karamu ya pili, ng'ambo ya mto, kwa wazazi wa bwana harusi. Kwa hiyo kuanzia leo mpaka Jumapili asioge paka yeyote. Hata kuchovya! Na Manja vilevile.

Nikasema naam, Mak.

Dawa haingoji. Alhamisi adhuhuri yeye atakuwa kwa mshonaji, anapunguziwa nguo. Paka watatu, robo saa kila mmoja. Manja nitamwazima kwa kisingizio cha kucheza na Aimi. Safari hii nimefikiria kila kitu.

Rafizan amepiga simu, anauliza atume nini kwa basi la Jumatano. Nimemwandikia hivi, nanakili hapa nisisahau:

Dawa ya salfa, chupa mbili, jina nimepiga picha. Glavu ndefu za mpira, jozi mbili, moja ya mama yako. Taulo kuukuu tatu. Dawa ya kung'arisha fedha. Udi mwingi. Tangawizi usitume, tunayo ya mwaka mzima. Komeo la dirisha la bafu usihangaike, nimelifunga kwa uzi wa kushonea.

Na mwavuli. Mkubwa. Siamini mambo hayo, ila tuma.