Waya Ulioishia kwenye Fundo

Levis alimwona Nawoi kabla ya kuliona gari, na hilo si jambo dogo, maana gari lenyewe lilikuwa kubwa kama duka. Mama huyo alikuwa amesimama juu ya paa lake, kando ya kituo cha mafuta mjini Lodwar, simu ameinyoosha juu kwa mikono miwili kama anayemwonyesha Mungu risiti.

Mtu anayepanda juu ya nyumba kutafuta mtandao, Levis aliwaza, amekwisha kushawishika. Kilichobaki ni bei.

Lilikuwa gari-nyumba: kitanda, jiko na choo, vyote juu ya magurudumu. Wazungu wawili waliokuwa wakiizunguka Afrika walilifikisha Lodwar, klachi ikafa, na subira yao ikaifuata. Nawoi, mfanyabiashara wa mbuzi, aliwapunguzia mzigo. Alilala humo na kufanyia kazi humo. Alinunua mbuzi kwa wafugaji wa Lopur, karibu na Kakuma, akawanadi papo hapo kwa wenye bucha wa Eldoret na Nairobi kwa simu ya video. Lakini huko Lopur mtandao wake ulikuwa na tabia ya kukatika pale pale mnunuzi anapofungua kinywa kutaja bei. Na Ijumaa hiyo alikuwa na mnada wa mbuzi mia mbili, ambao ungemharibikia, wenye bucha wangehamia kwa mwingine.

Levis hakuwa fundi. Alitoka Bungoma miaka sita iliyopita kuja kuuza magodoro, akagundua kuwa maneno ni mzigo mwepesi zaidi. Alisalimia, "Ejok," akaitikiwa, "Ejok-noi," na mama alipofika ngazi ya mwisho alikuta ameshaelezwa habari za antena ya kimataifa inayovuta mawimbi kutoka juu ya mawingu.

Ukweli ulikuwa mfupi zaidi. Kampuni ya laini ya Nawoi haikuwa na mnara karibu na Lopur. Kampuni nyingine ilikuwa nao. Modemu ndogo ya laini hiyo nyingine, kama ile iliyokuwa mfukoni mwa Levis ikiwa na kifurushi cha miezi mitatu, ingemaliza shida yote. Mtu mwaminifu angemwambia hivyo, akapewa soda na shukrani. Levis hakuwa na kiu ya soda.

Walikubaliana mbuzi madume kumi, wa kuchagua mwenyewe, baada ya mnada. Antena aliiunda kwa kifuniko cha sufuria ya harusi, mbavu za mwavuli na kipande cha bomba la maji, akavipaka vyote rangi nyeupe, rangi ambayo huupa uongo sura ya hospitali. Aliifunga juu ya paa kwa skurubu nne, akapitisha waya mweusi dirishani hadi nyuma ya godoro la Nawoi. Modemu nayo akaificha huko huko, ameipa jina NAWOI SATELAITI. Simu ya mama ilipolisoma jina lake hewani, mama alitabasamu. Levis alipanga kuichukua modemu yake wakati wa kufungasha spana, kisha kuondoka na mbuzi wake kabla mtu hajauliza mawimbi yamekwenda wapi.

Siku hiyo ya mnada dereva, Ewoi, aliwapeleka Lopur. Njiani Levis aliomba mara tatu ajinyooshe kitandani.

"Fundi, antena iko juu," alisema Nawoi. "Mbona wewe unaiangalia chini?"

"Mama, mawimbi ni kama mvua. Hunyesha juu, lakini maji huyatafuta bondeni."

Nawoi aliinamisha kichwa kwa heshima. Levis aliwapenda sana wateja wanaoinamisha kichwa.

Mnada ulikwenda bila kukatika hata mara moja. Mbuzi mia mbili walipata wenyewe kabla ya adhuhuri. Kisha Nawoi alimleta mbuzi jike, mweupe mwenye shingo nyeusi, mbele ya wazee waliokuwa wamekalia vile vigoda vyao vidogo ambavyo wakilala huwa mito.

"Huyu si malipo," alisema. "Malipo ni baadaye. Huyu nakupa tu. Umepokea?"

Levis, ambaye hajawahi kukataa cha bure, alisema amepokea, tena kwa mikono miwili. Wazee waliguna kwa kuridhika. Ewoi alimnong'oneza kwamba sasa amekuwa rafiki wa mifugo wa Nawoi.

"Ni jambo zuri?"

"Zuri sana. Ukiwa na shida unamwomba chochote, hawezi kukunyima."

"Na yeye?"

"Na yeye hivyo hivyo."

Nawoi hakuchelewa. "Rafiki yangu, naomba ile kitu iko nyuma ya godoro langu."

Levis aliitazama antena yake juu ya paa, kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Kitu gani, mama?"

"Sisi mbuzi akipotea tunafuata nyayo. Jana nilifuata waya yako. Iliishia kwenye fundo. Haikuingia kwa kitu. Kando yake kuna kitu kidogo kinawaka taa. Kama ni yako, naiomba. Kama si yako, ni yangu tayari, maana iko kwa nyumba yangu."

Mzee Lotiir, aliyekuwa karibu zaidi, alimtazama Levis kwa shauku ya kweli. Anayemnyima rafiki mbele ya wazee, habari zake hufika Lowarengak na Kerio kabla yake, na Levis aliishi kwa kuaminiwa tu. Akaiachilia modemu kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

Alipoulizia madume kumi, Nawoi aliizima modemu mbele ya mashahidi na kumwambia ajichagulie, mradi antena ishike mtandao peke yake. Antena ilimetameta vizuri sana juani. Haikushika kitu.

"Na wewe omba," Nawoi alimkumbusha. "Ni haki yako."

Kuomba urudishiwe ulichotoa ni aibu, hilo alilijua hata mtu wa Bungoma, na kuomba madume mbele ya antena iliyokufa ni aibu zaidi. Aliomba kurudishwa Lodwar.

Walipoondoka, mbuzi jike akiwa miguuni pake, Levis alikumbuka meneja wa loji moja ya Lodwar aliyetaka antena kama hiyo na kusubiri jibu kabla ya jioni. Simu yake haikuwa na kifurushi. Alichonunua chote kilikuwa ndani ya modemu. Aliitafuta NAWOI SATELAITI, ambayo Nawoi alikuwa ameiwasha tena, akaiona, ikamdai neno la siri jipya. Akaliomba kwa adabu.

"Hiyo ni ombi la pili," alisema Nawoi bila kugeuka. "Rafiki akitaka kuomba tena, anatoa kwanza."

Levis alimtazama mbuzi. Mbuzi naye alimtazama.

Walipoingia Lodwar, Levis hakuwa tena na mbuzi, ila alikuwa na mtandao safi ajabu, mpaka hatua ya mwisho ya ngazi ya kushukia.