Mtungi wa Malaka na Mlango wa Darajani

Wesley alikuwa fundi wa magari Ghala, mtaa wa magereji Maskati, ila kazi aliyoiweza hasa ni mdomo. Siku mteja wake Mzungu alipotamka kwamba mlango wa kale wa Unguja angeulipia chochote, Wesley alikwishafungua karakana yake Eldoret, kichwani.

Mlango wa namna hiyo ulikuwako mtaa wa Ghubra, kwa Bi Kheiria, bibi wa Kiomani aliyekulia Unguja. Ulitoka kwenye duka la babake huko Darajani, Unguja, duka chini, kulala juu, na bibi alishaapa hauzi. Basi Wesley akaokota mtungi wa kaure uliokuwa na misumari pale gereji, na vikombe vyake viwili. Akauosha, akavaa kanzu, akaenda.

"Mama, hii ni ya Waperanakani wa Malaka," alisema, miguu kaikunja kwenye zulia. "Wachina waliooa Wamalai, wakaanza kula pilipili na kuvaa saruni. Nao pia duka chini, kulala juu. Ni kama nyinyi tu!"

Habari hizo alizisoma kwenye jarida kwa kinyozi. Kuzibandika kwenye mtungi wa misumari ni uongo wake mwenyewe, na tumpe haki yake, ulikuwa uongo mtamu.

Bi Kheiria aliyapapasa maua ya mtungi, ya rangi ya waridi na kijani. Machozi yakamlenga.

"Marehemu mume wangu kafanya biashara Malaka. Nipe huu mtungi, mwanangu, chukua mlango. Ule pale ukumbini, ushang'olewa, nnataka kupaka ukuta rangi."

Wesley nusura apige kigelegele. Alitaka tu kuzikwaruza mbao kidogo ahakikishe. Kabla hajainuka, Bupe, binti wa Mbeya aliyefanya kazi pale nyumbani, akaingia na chetezo kinachofuka udi.

Sasa, Wesley alijigamba Maskati nzima kwamba desturi za Waarabu anazijua kuliko wenyewe. Udi ukishapita, mgeni anaaga. Anayeganda ni mshamba. Mshamba, yeye? Akajifukiza, akaaga, akapakia mlango kwenye pikapu huku akiimba. Kikombe kimoja alikibania cha kunywea chai.

Mzungu alipitisha kidole chenye mate kwenye nakshi. Kidole kikatoka na rangi.

"Huu una mwezi mmoja tu tangu uchongwe," alisema kwa dharau. Halafu akakiona kikombe, akaruka. "Cha Waperanakani! Cha kweli kabisa! Mtungi wake uko wapi? Nipe vyote, karakana unayo!"

Pikapu ilirudi Ghubra karibu ipae. Wesley akaingia kikombe mkononi. Mtungi ulikuwa mezani, na kwenye chumba cha ndani, mahali pake pa siku zote, mlango wa Darajani, mweusi, mzito.

"Mama, aki, kumekuwa na makosa kidogo..."

"Makosa gani? Si ulinambia wa Malaka? Mimi nikakuamini." Bi Kheiria alitabasamu. "Ule mlango wako kanichongea fundi wa huko huko kwenu Ghala. Nnao wa kuwapa wajanja wote wanaonijia. Ee, na kikombe umenirejeshea! Hewala!"

Akakichukua, akakiweka karibu na mwenzake.

"Bupe! Lete udi."

Na Wesley, mjuzi wa desturi, akainuka akajifukiza.