Randa ya Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Adélaïde ametangaza bombani, mbele ya ndoo zote. Jumapili mwanawe Baudouin anasimikwa mzee wa kanisa, na yeye mama mzazi atampa drili ya umeme. Umeme! Sola yao haijazi hata simu.

Baudouin ni mume wa Eliane wangu. Kazi yake ualimu. Lakini kila jioni yuko na mbao nyuma ya nyumba: vigoda, rafu, kibanda cha kuku. Hauzi. Anapenda tu. Basi nami nitampa kifaa. Kikubwa kuliko drili!

Kipi? Simwulizi. Mama mkwe hamwulizi mkwe mambo yake uso kwa uso, wala hakanyagi fasi yake ya kazi. Nimelelewa hivyo.

Nikamwuliza Eliane. Akasema, mama, mnunulie msasa, huo ndio unaomwishia kila wiki. Msasa! Nimpe mwanaume karatasi mbele ya kanisa zima? Nikamwambia shule aliyosoma ilimpita pembeni.

Jumanne, tarehe 5

Nimechungulia kwenye tundu la ua. Mkwe alikuwa anasukuma randa, ubao unalainika, maganda yanajikunja miguuni pake. Randa yenyewe kuukuu! Mshikio mweusi kwa jasho. Nikaelewa: anahitaji mpya. Lakini saizi? Fundi Nicodème, jirani yetu Mrundi anayefanya kazi humo pamoja naye, aliniambia randa ziko aina nyingi.

Lazima niende Mbarara na mfano mkononi. Walipoingia kula, nikapitisha jembe kwenye tundu, nikaivuta randa polepole. Mguu wangu haukuingia. Jembe ndilo lililoingia. Jembe halina mkwe.

Jumatano, tarehe 6

Mbarara. Muuza vifaa ni mama wa Kinyankole, mdomo kama wangu. Akaishika randa, akaigeuza, akamwita mwenzake aje kuona. "Jaja," akaniita, kama bibi yake, "chuma kama hii sasa hakuna. Usiuze." Nikasema siuzi, nataka mpya. Akasema kama huyo mtu anapenda mbao kweli, nimnunulie jiwe la kunolea. Jiwe! Kutoka kambini kwetu Nakivale hadi Kabingo mawe yamelala njiani bure, nami nipande gari kuja kununua jiwe? Akaleta vibanio, vya kubana mbao gundi ikikauka. Eti watu wa mbao hawatosheki navyo. Nikamwambia mkwe wangu ana mikono miwili. Nikachagua randa mpya, nyekundu, inang'aa.

Kurudi, kelele! Randa imeibiwa! Kumbe ni ya marehemu baba yake Baudouin, naye aliibeba kutoka Fizi, kwetu Kongo, ndani ya blanketi. Na Adélaïde amekwisha kumpata mwizi: Nicodème. Nani mwingine anaingia mle?

Ningesema pale pale. Lakini Adélaïde alisimama katikati, mikono kiunoni. Nikapita na mfuko wangu.

Alhamisi, tarehe 7

Asubuhi nilikwenda kuirudisha. Baudouin ameziba tundu kwa miiba. Mlango una kufuli.

Saa tatu Nicodème akaja, akakaa kizingitini. Akasema mwenyekiti wa kijiji amemwita kesho, asipopata wa kumsafisha atapelekwa polisi. Tayari mtu amekuja kuchukua mbao alizompa atengeneze mlango. "Mama Eliane, wewe unanijua. Sema neno moja tu."

Randa ilikuwa chini ya kitanda, hatua nne. Nikasema Mungu anaona. Chai yangu hakuinywa. Nikamgombeza: chai ya watu haiachwi!

Nikaimwaga. Nusu ikanimwagikia mguuni. Ni uzee.

Ijumaa, tarehe 8

Mkutano kwa mwenyekiti Modeste. Adélaïde aliongea kama hakimu. Nicodème akaapa kwa watoto wake, mkewe akajifunika uso kwa kitenge. Baudouin akasema hataki polisi, anataka kitu cha baba yake tu. Modeste akasema amechelewa, askari wako njiani. Hapo Nicodème akavua saa yake, akampa mkewe. Kisha kofia. Taratibu, kama mtu anayejua anakokwenda hawarudishi vitu.

Miguu yangu ikasimama yenyewe. Nikasema ninayo mimi! Kelele zote hizi za nini? Kuna aliyeniuliza?

 Kisha Adélaïde: "Uliingia namna gani mu fasi ya mukwe?" Nikaeleza habari ya jembe. Watu wakacheka mpaka Modeste akapiga meza. Randa irudi, na faini: kuku mmoja kwa mkwe. Na nimwombe Nicodème msamaha. Nikamwambia kosa lake ni kuacha chai, angekunywa ningesema. Yeye hakucheka. Akaenda uani kwa Baudouin, akachukua msumeno wake, akaondoka nao.

Jumapili, tarehe 10

Drili ilipigiwa vigelegele. Randa nyekundu ilipokewa kwa mikono miwili, ikawekwa chini ya kiti. Eliane akatoa msasa. Baudouin akaufungua pale pale, akaupapasa kwa kidole gumba, akasahau kwamba mchungaji anaomba! Adélaïde akanitazama. Nikamtazama. Mara ya kwanza tunakubaliana.

Lakini jana kutwa mkwe alikuwa peke yake na mbao zake. Nicodème hakukanyaga. Hilo ni langu, nakubali. Nitalitengeneza: nitamnunulia Nicodème msumeno mpya. Saizi? Simwulizi, hanisemeshi. Yeye ni Mkatoliki, nao huchelewa kutoka misa, basi nikapita kwake. Na safari hii nimefanya kwa adabu. Hakuna tundu, hakuna kuchungulia. Nimeingia mlangoni mchana kweupe, nimeuchukua msumeno wake uwe mfano. Yeye si mkwe wangu.

Sasa namsikia anamwuliza mkewe nani amepita hapa. Aulize. Gari la Mbarara linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi.