Mbweha Wenu Kaingia na Viatu

Kwa Mheshimiwa Mwongozaji,
Kampuni ya Filamu ya Akanegumo, Tokyo.

Mvua za mwezi wa sita zimeanza huku Onomichi na nguo hazikauki. Natumaini huko kwenu mnakauka vizuri. Mimi ni Yasue Minakuchi, mke wa Shigeo, dereva mstaafu wa treni. Naandika kwa heshima zote kuhusu filamu yenu ya Mbweha Tsumuji, ile mliyoitoa kwenye katuni iliyomlea binti yetu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Filamu inapendeza kupita kiasi. Kila unywele wa mkia wa Tsumuji unapepea peke yake. Wali unafuka moshi wa dhahabu, ila hakuna anayeula! Nilitoka ukumbini macho yameshiba, kichwa kina njaa. Jirani aliponiuliza inahusu nini, nikamjibu, "Inahusu mkia."

2. Kwenye katuni, kila kipindi kiliisha Tsumuji akifungua mlango, akivua viatu na kuita, "Nimerudi!" Naye Bibi Ine, aliyemlea, huitika kutoka jikoni, "Karibu nyumbani!" Basi. Watoto na wazazi tulikuwa tukiitika naye. Ninyi mmemwingiza kwa kutoboa paa, na radi ya buluu, kimya, viatu miguuni, juu ya mikeka! Bibi Ine anadondosha chozi moja ambalo ndani yake unaonekana mji mzima. Bibi gani huyo, alie badala ya kuuliza nani atafuta matope?

3. Hapa ndipo mliponiumiza. Mume wangu si mtu wa maneno. Binti yetu Natsuno alipokuwa mdogo, walikuwa wakiingia wote wawili wakiita kwa pamoja, "Nimerudi!" Natsuno aliolewa Sapporo, neno likabaki kwa baba yake. Kwa siku nzima, hilo ndilo lilikuwa neno pekee nililokuwa na uhakika wa kulisikia kwake. Tangu aione filamu yenu, Shigeo akirudi matembezini jioni husimama tu mlangoni akitazama mbali.

"Baba, umerudi au umeletwa?" nikamuuliza.

"Mama, shujaa haongei. Anatazama."

"Anatazama nini, kabati la viatu?"

Nyumba imepoa, nami naumia, nasema wazi.

4. Kwa hiyo naomba mpige picha upya tukio la mlango. Ikishindikana, mleteni huyo mwigizaji wenu kwangu kila jioni aseme "Nimerudi" kwa niaba ya mume wangu. Radi aje nayo, viatu avue. Na hilo likishindikana, mchukueni Shigeo huko Tokyo mkamvike manyoya.

Nisalimieni wapiga picha, wapishi wenu, na hasa aliyeutengeneza ule mkia. Mwambieni apumzishe macho.

Wenu kwa masikitiko na adabu,
Yasue Minakuchi

N.B. Jana nilimsomea Shigeo barua hii asahihishe makosa. Akasema, "Sawa mama, lakini mwisho wa filamu, yule mbweha alipopaa mwezini, alifuata nini huko?" Nikasema sijui. Kumbe naye hajui. Yeye anadai ni mapenzi. Mimi nasema ni mandhari tu. Tulibishana mpaka supu ikapoa, na leo kaamka na hoja mpya, kanifuata nayo hadi ninakofulia. Tangu tuoane hatujawahi kuongea hivi. Filamu ingekuwa na maana, tungeielewa tukaenda kulala. Tafadhali ichaneni barua hii, na mkitengeneza nyingine, msiitie maana hata chembe.